USIKU NAO NI SHULE: NAMNA YA KUANZA KUTAZAMA NYOTA NA KUZIPIGA PICHA

Ndugu msomaji, leo nina jambo la kukiri. Nilipata cheti changu cha ualimu, nikafundisha watoto majina ya sayari kwa chaki na ubao kabla ya kuhamishiwa kazi ya ofisini. Lakini hadi mwezi Machi mwaka 2021, lau ungenisimamisha nje usiku na kuniuliza kusini ni wapi, nisingaliweza kukuonyesha.

Nilikuwa Palma tarehe 24 ya mwezi huo, siku mji uliposhambuliwa. Tulitoka kama walivyotoka maelfu ya wengine, kila mtu na alichoweza kubeba, watoto mgongoni na mkononi. Mengine ya siku zile sitayasimulia hapa. Waliokuwapo wanayajua, na wengi miongoni mwenu mnaosoma ukurasa huu, askari na jamaa za askari, mnayajua kwa upande wenu. Nitasimulia jambo moja tu. Usiku wa pili tulipotea vichakani. Simu hazikuwa na mtandao na hapakuwa na mtu wa kuulizwa. Mawingu yalipofunguka kidogo, mvuvi mmoja mtu mzima aliyekuwa katika kundi letu alisimama, akatazama juu, akanyosha mkono.

"Mwalimu, Salibu ile pale," akasema. "Saa hizi za usiku wa manane inasimama wima. Chini yake ndiko kusini. Tuipe mgongo, twende."

Tukaipa mgongo. Tukaelekea kaskazini, upande wa mto Rovuma, na kulipopambazuka tulikuwa tumeshika njia. Mzee yule hakupata kukaa darasani hata siku moja. Mimi niliyekaa darasani miaka mingi nilimfuata nyuma, na aibu ile sijaisahau. Tuliporudi nyumbani baada ya muda mrefu, nilijiwekea ahadi kwamba nitajifunza mbingu kama mwanafunzi wa darasa la kwanza, na watoto wangu wajifunze pamoja nami. Makala haya ni matunda ya ahadi hiyo. Nayaandika kwa ajili ya wale wanaotaka kuanza na hawajui waanzie wapi, na hasa wale wanaodhani kwamba kazi hii ni ya matajiri.

ELIMU YA FALAKI SI RAMLI

Kwanza tuondoe shaka. Kutazama nyota ninakokuzungumzia si kupiga ramli wala kumtafutia mtu bahati yake. Ni elimu ya falaki, yaani kujua jua, mwezi, sayari na nyota ziko wapi, zinakwendaje na zimeumbwa na nini.

Wala elimu hiyo si ngeni kwetu. Wazee wa pwani wameutazama mwezi mwandamo kwa ajili ya mfungo tangu dahari. Wakulima waliitazama Kilimia, lile kundi dogo la nyota zilizosongamana, ili wajue wakati wa kushika jembe, na jina lenyewe limetokana na kulima. Manahodha wa majahazi walijua Suheli, nyota ya pili kwa kung'aa katika anga lote la usiku, na jina hilohilo lilitumika kuutaja upande wa kusini. Katika karne ya 15 baharia mkubwa Ahmad ibn Majid aliandika juu ya njia za bahari zinazofuata pwani yetu hadi Sofala, akizipima kwa kimo cha nyota. Chombo cha kupimia kilikuwa kibao kidogo chenye kamba ya mafundo. Nahodha aliuma fundo kwa meno, akaweka ukingo wa chini wa kibao kwenye upeo wa bahari na ukingo wa juu kwenye nyota, akajua yuko umbali gani kaskazini au kusini.

Hata katika zama zetu pwani hii imo katika historia ya falaki. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, kulirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, chombo cha kwanza duniani kilichotengenezwa mahsusi kwa kutafuta miale ya eksirei inayotoka kwenye nyota. Kikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Kiligundua na kuorodhesha mamia ya vyanzo vya miale hiyo. Riccardo Giacconi, mwanasayansi aliyeongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Na Msumbiji yenyewe ni miongoni mwa nchi za Afrika zilizoshirikiana na Afrika Kusini katika mpango mkubwa wa darubini za redio uitwao SKA.

VIFAA VYA KWANZA NI MACHO NA MKONO

Anayeanza asinunue kitu chochote kwa muda wa miezi mitatu. Vifaa vyake ni macho, mkono, daftari na subira.

Macho huhitaji dakika 20 hadi 30 gizani kabla ya kuona vizuri. Ukiwasha tochi kali au kutazama kioo cha simu mara moja tu, muda wote huo umepotea na huna budi kuanza upya. Kwa hiyo funika tochi kwa kitambaa chekundu, maana nuru nyekundu hafifu haiyaharibu macho ya usiku. Askari aliyewahi kukaa lindo analijua jambo hili, na anajua la pili pia: kitu hafifu gizani huonekana vizuri zaidi usipokikazia macho, bali ukitazama kando yake kidogo. Mbinu iyo hiyo inayomwonyesha mlinzi kivuli kinachotembea ndiyo inayomwonyesha mtazama nyota wingu la nuru ambalo mwenzake halioni.

Mkono ni kipimo. Unyoshe mbele kabisa. Kidole kidogo kinafunika nyuzi 1 ya anga, vidole vitatu vya katikati vikishikana ni nyuzi 5, na ngumi ni nyuzi 10. Watoto nao watapata vipimo hivyohivyo, kwa kuwa mwenye mkono mfupi ana ngumi ndogo pia.

Sasa uitafute Salibu. Ni nyota nne zenye umbo la msalaba, na kando yake mashariki kuna nyota mbili kali zinazoielekea. Ukizikuta hizo mbili, hutadanganyika na msalaba mwingine mkubwa na hafifu ulio upande wa magharibi yake. Chukua urefu wa Salibu kutoka kichwani hadi mguuni, uendeleze mstari huo kuelekea chini mara nne na nusu. Hapo ndipo penye ncha ya kusini ya anga. Palma iko karibu nyuzi 11 kusini ya ikweta, kwa hiyo ncha hiyo iko nyuzi 11 juu ya upeo, yaani ngumi moja na kidole. Shuka moja kwa moja hadi ardhini, na huko ndiko kusini. Nyota ya kaskazini ambayo wenzetu wa Ulaya huitegemea haionekani kwetu, kwani imezama chini ya upeo.

KALENDA YA BAMVUA

Mtu wa pwani anayo tayari kalenda ya kazi hii. Kina mama wanaokwenda mwambani kuokota chaza na pweza wanajua siku za bamvua, maji yanapokupwa mbali sana. Bamvua huja mwezi unapokuwa mchanga na tena unapokuwa mpevu. Basi bamvua ya mwezi mchanga ndiyo juma la nyota, kwa sababu usiku ni giza totoro. Bamvua ya mwezi mpevu si wakati wa nyota, kwani nuru ya mwezi huzifunika.

Wanaotaka kuutazama mwezi wenyewe nao wasingoje uwe mpevu. Ukiwa mpevu jua huupiga usoni, na milima na mashimo yake hayana vivuli. Wakati wake mzuri ni siku ya sita hadi ya tisa baada ya kuandama, unapokuwa nusu. Kwenye mpaka wa nuru na giza vivuli ni virefu, na hata darubini ndogo huonyesha kingo za mashimo.

Tena sisi tuna neema moja. Saa za Msumbiji ziko nyuma ya za Tanzania kwa saa moja, nasi tuko mashariki kabisa mwa nchi. Kwa hiyo jua huzama kwetu kati ya saa 11 na saa 12 jioni. Saa 1 usiku anga limekwisha kuwa jeusi, na mtoto wa shule anaweza kutazama nyota saa nzima na bado akalala mapema.

Misimu nayo ina mambo yake. Masika ya huku, tangu Desemba hadi Aprili, huleta mawingu, mvua na wakati mwingine tufani, kama Kenneth ya Aprili 2019 na Chido ya Desemba 2024. Miezi ya Mei hadi Oktoba ndiyo mizuri zaidi.

Mei na Juni, giza linapoingia, Salibu iko juu upande wa kusini. Ile iliyo kali zaidi kati ya nyota mbili za kando yake ni jirani wa jua letu. Nuru yake husafiri miaka 4 na zaidi kidogo hadi kutufikia. Kaskazini ya Salibu kuna kitu kinachofanana na nyota yenye ukungu, kiitwacho Omega Centauri. Hiyo si nyota moja bali ni mkusanyiko wa mamilioni ya nyota, na nuru unayoiona ilitoka huko yapata miaka 17,000 iliyopita.

Julai saa 3 usiku, au Agosti saa 1 usiku, tazama utosini. Nge mkubwa amelala hapo, moyo wake mwekundu na mkia umepinda. Kando ya mkia wake Njia Nyeupe inapanuka na kung'aa, na huko ndiko kitovu cha kundi kubwa la nyota ambalo jua letu ni moja tu kati yake. Watu wa Ulaya hukiona kitovu hicho chini karibu na upeo, penye ukungu na moshi. Sisi kinapita karibu na utosi wetu.

Novemba, upande wa kaskazini, kuna wingu dogo lenye umbo la yai liitwalo Andromeda. Nuru yake imesafiri miaka milioni 2 na nusu, nalo huonekana kwa macho matupu. Wakati huo Kilimia inachomoza mashariki. Desemba hadi Machi, mawingu yakiruhusu, utamwona Jabari na nyota tatu za mshipi wake, Shira iliyo kali kuliko nyota zote za usiku, Suheli kusini yake, na chini zaidi wingu kubwa la Magellan, ambalo ni kundi jingine la nyota nje ya letu. Mwezi Februari 1987 nyota moja ilipasuka ndani ya wingu hilo, na watu wa kusini mwa dunia waliiona bila chombo chochote.

Nyota moja ikiwa mahali fulani leo, kesho itafika hapo dakika 4 mapema. Kwa mwezi mmoja ni saa 2. Andika katika daftari ulichoona, tarehe na saa, na baada ya mwaka utakuwa na kitabu chako mwenyewe.

DARUBINI: USINUNUE KWA PUPA

Hapa nina kosa langu la kusimulia. Nilipoanza, nilipitwa na subira niliyokuhubiria hivi punde. Nilimtuma mfanyabiashara aniletee darubini iliyoandikwa kwenye boksi lake kwamba inakuza mara 525. Niliilipia fedha za karo na bati la jikoni, pasipo kumshauri mwenzangu wa nyumbani. Ilipofika, lenzi yake ilikuwa na kipenyo cha milimita 60, miguu yake ilitikisika kwa upepo wa kusi, na kwa ukuzaji ule nyota ilikuwa doa la ukungu linalocheza. Mke wangu hakugombana nami. Aliuliza tu, "Baba watoto, hiyo ndiyo bati?" Mvua ya mwaka ule ilituingilia jikoni.

Basi jifunze kwa hasara yangu. Kazi kubwa ya darubini ni kukusanya nuru, na ukuzaji hufuata nyuma. Mboni ya jicho gizani hufunguka hadi milimita 7 kwa mtu kijana. Lenzi ya milimita 50 hukusanya nuru mara 51 zaidi ya jicho hilo. Kioo cha milimita 130 hukusanya mara 345. Kuhusu ukuzaji, kanuni ni hii: zidisha kipenyo kwa milimita mara mbili, na hapo ndipo mwisho wa ukuzaji wenye faida. Darubini ya milimita 60 mwisho wake ni mara 120, na katika hewa ya kawaida hata hapo haifiki. Boksi likisema 525 juu ya chombo cha namna hiyo, boksi hilo linasema uongo.

Ununuzi wa kwanza uwe darubini ya macho mawili, ile ambayo wanamaji na askari wa mpakani huitumia. Iliyoandikwa 7x50 hukuza mara 7 na ina lenzi za milimita 50. Ya 10x50 hukuza mara 10, lakini mikono ikitetemeka nyota nazo hutetemeka. Lala chali kwenye mkeka au uegemee mnazi. Kilimia, ambayo jicho huhesabu humo nyota sita au saba, itakuwa makumi. Karibu na sayari Mushtari utaona vinukta viwili, vitatu au vinne vimepangana kwenye mstari. Ni miezi yake mikubwa, ambayo Galileo aliiona mwezi Januari 1610. Chora vilivyokaa leo, chora tena kesho, nawe utaiona ikihama kama alivyoona yeye.

Baada ya mwaka mmoja, ukiwa bado na hamu, tafuta darubini ya kioo yenye kipenyo cha milimita 114 au 130, iliyokaa juu ya kitako imara cha mbao. Hiyo itakuonyesha pete za Zohali, kwani hizo hazihitaji zaidi ya ukuzaji wa mara 30 hivi. Watu wawili au watatu wa kazi moja wanaweza kuchangia darubini moja, wakaitumia kwa zamu.

Chombo chochote pwani hii kina adui wawili: chumvi na kuvu. Usikifungie ndani ya mfuko kikiwa na umande. Kiache kikauke kwanza, kisha kiweke na vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu na redio. Mchanga ukiingia kwenye lenzi, upulize kwanza kabla ya kufuta, maana ukifuta utakwaruza kioo.

PICHA KWA SIMU ULIYO NAYO

Zamani mpiga picha za nyota alihitaji kamera kubwa na filamu. Siku hizi simu nyingi zinatosha kwa kuanzia, mradi isitikisike. Iweke kwenye stendi ya miguu mitatu, au uisimamishe ndani ya kopo lililojazwa mchanga. Tumia kipima muda cha sekunde 3 au 10 ili kidole chako kisiitikise wakati wa kubonyeza.

Ikiwa simu ina sehemu ya kurekebisha kwa mkono, weka ISO kati ya 1600 na 3200, lenga mbali kabisa, na uache lenzi wazi kwa sekunde 15 hadi 20. Kwa nini isiwe zaidi? Kwa sababu dunia inazunguka, na nyota huonekana kusogea nyuzi 15 kila saa. Kanuni ya wapiga picha ni kugawa 500 kwa urefu wa lenzi kwa milimita, kwa kipimo cha filamu ya 35. Lenzi ya 24 hukupa sekunde 20 hivi, na ya 50 hukupa sekunde 10. Ukizidisha, nyota huwa vijistari.

Lakini vijistari navyo ni picha. Piga picha mia moja mfululizo bila kuigusa simu, kisha uziunganishe kwa programu ya kompyuta. Ukielekea mashariki, nyota zitachora mistari inayopanda karibu wima kutoka baharini. Ukielekea kusini, zitachora duara kuzunguka ile ncha tuliyoitafuta kwa Salibu. Mtoto aliyeiona picha hiyo hahitaji tena kuambiwa kwamba dunia inazunguka. Programu kama Siril na DeepSkyStacker, ambazo hazilipiwi, huunganisha picha nyingi hafifu kuwa moja iliyo safi. Stellarium nayo huonyesha ramani ya anga kwa saa na mahali popote.

Kwa mwezi, weka lenzi ya simu kwenye tundu la jicho la darubini, ushike kwa utulivu, na upunguze nuru, maana mwezi ni mkali. Kati ya picha thelathini utapata moja ya kutundika sebuleni.

Taa ni kikwazo kinachozidi kukua. Wakazi wa Palma wanaona mwanga wa Afungi kusini yao, na baharini kumekuwa na meli ya gesi ya Coral Sul, iliyosafirisha shehena yake ya kwanza Novemba 2022. Usilalamike, geuka upande mwingine. Nyuma ya nyumba moja tu panatosha kuzuia taa.

JUA HALITAZAMWI

Hili nalisema kwa wazazi. Usilitazame jua kwa darubini hata kwa nukta moja, wala usimwachie mtoto darubini mchana pasipo mtu mzima. Jicho litaungua bila maumivu na halitapona. Miwani ya jua ya kawaida, filamu ya eksirei na kioo kilichofukizwa moshi havifai. Miwani ya kupatwa kwa jua inayokubalika huandikwa ISO 12312-2, nayo ni ya kutazamia kwa macho peke yake, kamwe si pamoja na darubini.

Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa kwa namna ya pete kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji. Huko Rujewa, mkoa wa Mbeya, watu wengi walikusanyika kulishuhudia, na Dakta Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania alikuwa mstari wa mbele kuwaelimisha wananchi. Kwetu Palma pete haikukamilika, lakini chini ya mwembe kila tundu la nuru kati ya majani lilichora jua lililomegwa mchangani. Hiyo ndiyo njia salama kabisa. Toboa tundu dogo kwenye karatasi ngumu, lipe jua mgongo, utazame taswira yake ardhini.

Kupatwa kwa mwezi hakuna hatari yoyote. Tarehe 7 Septemba 2025 mwezi ulikuwa mwekundu kwa dakika 82, tangu saa 1 na nusu usiku kwa saa zetu. Mtaani kwetu watu walitoka na mikeka.

USALAMA KABLA YA NYOTA

Nimeliweka jambo hili mwisho ili msomaji aondoke nalo. Usiku wa kwanza nilioitoa darubini yangu niliisimamisha kiwanjani, karibu na pwani, bila kumwambia mtu. Mrija mrefu juu ya miguu mitatu, gizani, katika nchi iliyoona mambo tuliyoyaona! Doria ilikuja. Nilisikia sauti ikiniamuru niinue mikono, nikainua. Nilimwona kijana aliyenielekezea bunduki, naye alikuwa na hofu kama mimi. Nikasema polepole kwamba mimi ni mtumishi wa serikali, na kitu kile ni cha kutazamia mwezi. Mkuu wao akasogea, akakizunguka, mwishowe akainama akachungulia. Alikaa kimya kwa muda, kisha akawaita wenzake mmoja mmoja. Alipoondoka aliniambia, "Mwalimu, siku nyingine tuarifu kwanza. Tungaliweza kukuua."

Alisema kweli. Kosa lilikuwa langu, na lingemgharimu yule kijana maisha yake yote kama lingenigharimu mimi yangu. Tangu siku ile nafuata masharti haya, nami nawasihi wote wayafuate.

Kwanza, mwarifu kiongozi wa mtaa na kituo cha karibu kabla ya giza, na uonyeshe chombo chenyewe mchana. Pili, tazamia uani kwako, na pale palipo na amri ya kutotoka usiku iheshimu, nyota zitakungoja. Tatu, usielekeze darubini wala kamera kwenye kambi, kizuizi, chombo cha majini au ndege, na usitumie kalamu za miale ya leza. Nne, zima sehemu ya simu inayoandika mahali ndani ya picha kabla ya kumtumia mtu yeyote. Askari aliye lindoni asipige picha kabisa. Yeye atazame kwa macho, na akirudi nyumbani amsimulie mwanawe.

Siku hizi tunapotandika mkeka uani, watoto wa jirani huja. Miezi mingi baada ya kurudi, watoto hawa waliogopa giza, na jua likizama kila mlango ulifungwa. Sasa wanagombania kuwa wa kwanza kuiona Salibu. Binti yangu wa miaka tisa anaweza kukuonyesha kusini wakati wowote wa usiku, mradi mawingu yaruhusu. Mzee mvuvi alipotutembelea mwezi Juni uliopita, binti alimwamkia, akamshika mkono, akamwonyesha. Mzee hakumwambia kwamba anaijua. Alimsikiliza mpaka akamaliza, kisha akasema, "Vema, mjukuu wangu. Sasa nionyeshe na Suheli."

Suheli ilikuwa imekwisha kuzama. Tumeahidiana Januari.